Kona Hazina Kosa

Siku ya kuondoa matanga ya fundi wetu tulikuwepo hawa: mjane wake, binti yao, aliyefanya kazi na baba yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja na gari lake kutoka Kinindo, dada yao wa Musaga, mwenye mashine ya kutotolea vifaranga, na mimi, niliyempangisha chumba cha mbele hapa Nyakabiga akakifanya karakana. Majina ninayo yote kichwani, hata ya majirani waliosimama mlangoni, ila gazetini siyaandiki. Fundi wetu wa kadi za elektroniki amekwenda. Nimechoka kuzika watu niliowazidi umri.

Kadi, kwa asiyeijua, ni kile kibao ndani ya redio, chenye vijinjia vya shaba badala ya nyaya. Yeye alizichora mwenyewe. Aliichorea kadi mashine ya dada yake, ikashikwa na wazimu: joto mara juu, mara sifuri, na mayai yamo ndani. Mafundi wenzake wakaja, wakainama, wakaonyesha vijinjia: vina kona kali, umeme unajigonga hapo. "Apana," akasema, "kona hazina kosa hapa." Mmoja akasema mashine yenyewe ni ya polepole, inawaka na kuzima mara chache, mchoro hauwezi kuisumbua. Akamcheka: "We, mulango wanafunga mara moja tu kwa siku, lakini wakiubamiza, nyumba yote haitetemeke?" Kisha akaigeuza kadi. Chini kuna bati la shaba ambalo umeme hupitia kurudi ulikotoka, na yeye mwenyewe alikuwa amelikata apitishe waya mmoja. "Kinachokwenda kinarudi, bibi," akaniambia. "Mi nimekata njia ya kurudi, basi kinazunguka mu viwanja vya wengine." Akaliziba pengo kwa kipande cha shaba, joto likatulia, vifaranga vikatoka. Wale wenzake walishuhudia kwa macho yao, na mpaka leo wanahangaika kulainisha kona za vijinjia vyao.

Nilidhani hayo ni ya mafundi tu. Siku ile ya matanga kaka mkubwa akasimama, akasema moshi wa kuchomelea kadi ndio uliomuua, karakana ifungwe, binti atafute kazi nyingine. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana moshi ule kila mmoja aliuona. Mjane akajifunika uso.

"Baba mukubwa," binti akasema, "moshi si muzuri, nitaweka feni. Lakini papa alikuwa na tansiyo, ile presha ya damu. Daktari alimupa dawa, akakunywa, akajisikia muzima, akaacha. Kazi yake mi siiachi."

"We unajibu wakubwa?"

"Anajibu," akasema shangazi yake. "Na we, kaka, dawa yako ya tansiyo uliimeza leo, ama imebaki Kinindo?"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani. Kaka mkubwa akajipapasa mfuko, akakaa. "Basi aendelee," akasema polepole. "Lakini feni iwekwe kwanza."

Tunalipenda kosa linaloonyeshwa kwa kidole. Lililo chini linataka mtu ageuze na kutazama, na kugeuza kunachosha, basi tunazika, tunarudi nyumbani na maelezo yale yale. Ukipewa dawa ya presha, mjukuu wangu unayesoma hapa, usiiache kwa sababu umeamka vizuri.

Waliokuwepo, kama nimesahau mtu, au nimempa mmoja maneno ya mwingine, njooni mnisahihishe, nitawasikiliza. Ila habari ya moshi msiniletee tena.