Kucha Zangu na Risasi ya Baba

Juzi mchana mvua ya mawe ilitupiga hapa Pearland, jirani na Houston. Ilianza na kishindo kimoja juu ya paa, kama mtu katupa kokoto, kikafuata kingine, mpaka mimi na mume wangu tukawa hatusikilizani ndani ya nyumba yetu wenyewe. Majirani walikimbia nje na mablanketi kufunika magari. Mume wangu naye mbio, kabeba duveti letu la harusi. Mimi nilibaki kwenye mlango wa gereji nikicheka peke yangu, maana kila nikisikia mlio ule namwona Baba kule Haltom City nilikokulia, kasimama kibarazani, kanzu imelowa mabegani, mikono juu, anamshukuru Mungu.

Jamani, msimfikirie vibaya. Baba hakufurahia gari la mtu kubonyea. Letu lenyewe lilikuwa na mabonde kila mahali na alilisikitikia. Ila alikuwa mtu wa kutafuta risasi, na hakuna kitu kilichomletea risasi ya bei poa kama mvua ya mawe. Niseme mapema tusije tukachanganyana: nikisema risasi, nina maana ya yale madini laini ya kijivu, mazito kiasi kwamba hata kipande kidogo kinakushtua mkononi. Zile za kufyatua kwenye bunduki nitaziita gololi, kama alivyoziita yeye, kwa sababu zake zilikuwa za duara kabisa.

Baba ni mtu wa Sikonge, mkoa wa Tabora. Alilelewa na babu yake, mwindaji wa gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni, na mzee yule alijitengenezea gololi zake mwenyewe. Yeye na Mama walipohamia Texas, Baba akapata kazi ya kuendesha foklifti ghalani. Watanzania wenzake walililia dagaa, walililia hali ya hewa ya nyumbani. Baba alililia gobore. Siku alipoambiwa kazini kwamba hapa kuna msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za namna hiyo, na ni halali, alirudi nyumbani anaimba. Akanunua moja kuukuu kwa mzee wa Kizungu, mwindaji mstaafu wa mtaa wa pili. Mama alishika kiuno.

"Umevuka bahari yote ile uje ushike gobore?"

"Mama Zuhura, kila mtu na lake," Baba akasema, akaenda kulifungia kwenye sanduku lake, ufunguo shingoni.

Gololi za dukani zilikuwepo, lakini kwake zile zilikuwa wizi wa mchana kweupe. Akaamua atamimina zake. Alianza na mafundi tairi, waliompa vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu, ndoo nzima. Vingi vikawa zinki, na hata vya risasi vilikuwa vigumu mno, na gobore linataka risasi laini. Wauza vyuma chakavu nao walipanga bei kama wanauza shaba ya mfalme. Ndipo akagundua mapaa. Nyumba nyingi za huku zina mabomba ya hewa yanayotokeza juu ya paa, na bomba limevishwa kofia ya risasi, laini, safi, kuzuia maji. Mawe yakiharibu paa, mafundi wanaling'oa lote, na zile kofia zinaishia kwenye kontena la taka. Sasa mnaelewa kwa nini mtu alisimama kwenye mvua akinyoosha mikono.

Shida ilikuwa moja. Mafundi wa mapaa walikuwa Wameksiko, na Baba hakujua Kihispania. Mimi nilikuwa najua, nimefundishwa shuleni tangu darasa la awali. Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya mvua ya mawe tulizunguka mitaani, mimi, Baba, chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la vitumbua, kwa sababu Baba hawezi kwenda kuomba mikono mitupu. Wala hawezi kuomba bila kusalimia. Fundi yuko juu ya paa, nyundo mkononi, jua kali, Baba yuko chini ananiambia, "Waulize wameamkaje. Waulize watoto hawajambo. Waulize na wazazi." Nami natafsiri, uso umenishuka kwa aibu. "Waambie poleni na kazi." Hiyo ilinitoa jasho. Nilikuwa nawaambia kwamba baba yangu anasikitika sana kuwaona wanafanya kazi, nao wanamtazama kwa mashaka. Lakini mwisho wake lazima mmoja ashuke, anywe chai, aanze kueleza magoti ya mama yake yanavyomsumbua, na kabla Baba hajafika kwenye ombi lenyewe, kofia za risasi zinarushwa chini moja baada ya nyingine.

Na hapo ndipo kazi yangu halisi ilipoanza. Risasi laini unaijua kwa kucha. Ukiikwaruza, kucha inazama kidogo na kuacha mstari unaong'aa. Zinki hupati kitu. Kucha za Baba zilikuwa zimeliwa na maboksi ya ghalani, zangu zilikuwa nzuri, basi akanipa cheo: Fundi Kucha. Kila kipande kilipita kwangu. Nilikwaruza, nikatoa hukumu, "Laini," au "Hapana," na Baba hakuwahi kubisha. Msikitini aliwaambia wenzake, "Mnaniona mimi? Mwenye kazi ni huyu." Nilikuwa mtoto wa pekee, mfupi kuliko darasa zima, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ndiye mwenye kazi.

Kuyeyusha aliyeyushia uani, mbali na nyumba. Alitumia jiko la gesi na sufuria nzito ya chuma, akatupia kipande cha mshumaa ili takataka zielee, na ile harufu ya mshumaa unaoungua ndiyo harufu ya Jumapili zangu. Alinichorea mstari wa chaki kwenye saruji. "Ukivuka hapa, kazi huna." Baba aliuogopa moto, aliogopa moshi, aliogopa tone la maji lisije likadondokea sufuriani na kutulipukia. Risasi ikiwa ya baridi hakuiogopa hata kidogo. Babu yake aliishika maisha yake yote na akafa mzee sana. Basi nilikaa nyuma ya mstari wangu kwenye kiti cha plastiki, nikisikia gololi zinaangukia kwenye taulo kuukuu, tup, tup, na zikishapoa mimi ndiye niliyezikusanya.

Nilipokuwa na miaka tisa, Mjomba Seif, rafiki yake Baba aliyefanya usafi kwenye jengo moja la madaktari huko Houston, akapiga simu. Walikuwa wanabomoa chumba cha zamani cha eksirei, na kuta zake ndani zilikuwa zimefunikwa na risasi tupu, ya kuzuia mionzi. Mkandarasi angemwachia yeyote atakayekuja kuibeba. Baba akawa kama bwana harusi. Mama alitufungia sambusa za nyama, tukashika barabara.

Ile risasi ilikuwa imekunjwa kama mikeka. Waliipakia mpaka gari likakaa chini nyuma, na kipande kimoja kilichokosa nafasi Baba akakiweka kwenye kiti cha nyuma, karibu yangu. Saa nne nzima za kurudi niliichorea ile risasi kwa kucha. Nilichora nyumba yetu. Nilichora Mama na nguo zake za kazi, nikamchora Baba na gobore refu kuliko nyumba. Kila baada ya muda Baba alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa sambusa. Nikala, nikalamba vidole, nikaendelea kuchora. Alinitazama kwenye kioo akacheka. "Fundi Kucha, leo umepata ubao." Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kushinda siku ile.

Mama ndiye aliyetufungulia mlango. Alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, na macho yake yalikuwa yamezoea kukagua watu. Alinitazama mdomo.

"Zuhura, umekula nini?"

"Sambusa zako."

"Na hivi vidole, mbona vya kijivu?"

Baba, kwa furaha yake, akaanza kumsimulia habari ya chumba cha eksirei. Mama alinishika mkono, akaniingiza bafuni, akanisugua mpaka ngozi ikawasha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, mlango ukiwa wazi, na sauti yake ndogo ilikuwa mbaya kuliko ya kugomba.

"Baba Zuhura, hii ni sumu. Inaingia kwenye damu ya mtoto. Inapanda kichwani. Hivi hujui?"

Baba alikuwa kasimama koridoni, funguo za gari bado mkononi.

"Sikujua," akasema. "Wallahi, Mama Zuhura, sikujua."

Nilipimwa damu, na kliniki wakapiga simu kwamba risasi iko juu kuliko inavyotakiwa. Tulienda watatu kumwona daktari. Alieleza polepole kwamba sitakufa, wala sihitaji dawa kwa kiwango kile, lakini kwa mtoto anayekua kitu hiki kinaweza kuharibu akili, na uharibifu wake hauonekani leo. Tuondoe kila kitu nyumbani, nile vizuri, nirudi kupimwa tena na tena. Baba aliuliza swali moja tu.

"Ile iliyoingia, inatoka?"

"Nyingine inatoka," daktari akasema. "Nyingine mwili unaificha kwenye mifupa. Tutaona."

Wiki ile ile Baba aliondoa kila kitu: sufuria, kalibu ya kumiminia gololi, ndoo, mikeka yote ya Houston na kipande changu chenye michoro. Alimpelekea yule mzee wa Kizungu, akarudi mikono mitupu. Akapiga magoti kwenye gereji, akaifuta sakafu kwa kitambaa chenye maji, akabadilisha maji, akaifuta tena. Mazulia ya gari akayatupa. Gobore likabaki sandukuni, na sikumwona tena akienda kuwinda. Mvua ya mawe iliyofuata alikaa sebuleni mbele ya televisheni, mikono magotini, kama haisikii.

Mimi nikaelewa jambo moja tu: nimefukuzwa kazi.

Na aliyenifukuza aliniita kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, kwenye meza ya jikoni. "Mikono." Alinikata kucha mpaka mwisho kabisa, kidole kimoja kimoja, akazisugua kwa brashi na sabuni, akazikausha kwa upindo wa kanzu. Nikawaza, kumbe hataki hata nibaki na kifaa. Nikaanza mgomo. Baba akiniongelesha Kiswahili namjibu Kiingereza, tena neno moja. Maskini, hakunikaripia. Asubuhi alikaa na mimi tukanywa maziwa, glasi kwa glasi, kwa kuwa daktari aliyasifu. Baba maziwa hayawezi kabisa, yanamkoroga tumbo, lakini aliziba pua akanywa ili nami ninywe. Nikimnunia, ananywa. Maini na mchicha pia tulikula mpaka tukachoka.

Ijumaa moja nikashindwa kuvumilia. "Baba, nilikosea kipande gani?"

Mkasi ukasimama. "Hukukosea hata kimoja."

"Sasa mbona umenifukuza?"

Akapuliza vipande vya kucha mezani. Kisha akasema, "Lete kidole kingine."

Vipimo vilishuka taratibu, mpaka daktari akasema basi, inatosha. Nikasoma, nikahamia Houston, sasa nafanya kazi ya uuguzi kwenye hospitali kubwa moja ya mjini. Akili yangu iko salama, ingawa mume wangu ana maoni yake. Nilikua na lile dukuduku dogo la kufukuzwa kazi, likawa hadithi ya kuchekesha watu kwenye shughuli.

Mwaka jana binti yetu alipotimiza mwaka, walimpima damu kama wanavyowapima watoto wengi, na mojawapo ya vitu walivyotafuta ni risasi. Mimi nachoma watu sindano kila siku ya Mungu, lakini siku ile nilitoka chumbani nikaegemea ukuta wa koridoni, nikashindwa kutazama. Majibu yalipokuja hayana kitu, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Baba.

"Baba, damu ya mjukuu wako ni safi. Haina risasi kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema. Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Na wewe?"

"Mimi nini, Baba?"

"Damu yako wewe. Siku hizi wanasemaje?"

Mimi mtu mzima, nina mume, nina mtoto, nina mvi mbili tatu ninazozificha. Nikakaa sakafuni palepale jikoni. Baba hakuwa amenifukuza. Alikuwa amekaa na hofu ile peke yake miaka yote hiyo, akiona aibu kuniuliza. Nilipofeli hesabu, nilipougua kichwa, niliposahau kumpigia siku ya Idi, sijui mara ngapi aliwaza ni ile iliyojificha mifupani, aliyonilisha kwa mkono wake.

"Mimi ni mzima, Baba," nikamwambia. "Ni mzima kabisa."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena.