Viti Sita Mbele ya Televisheni

Juzi niliingia duka moja la Grant Street, hapa Buffalo, kununua unga wa muhogo. Juu ya friji ya samaki palikuwa na televisheni, inaonyesha picha za zamani zisizo na rangi: bwana mmoja mwenye tai anachora mawingu ubaoni kwa chaki. Nikasahau unga. Rafiki yangu, kuna aibu zinazokua pamoja na mtu, na hii yangu ninayo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja.

Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi tulikuwa wageni Louisville, mtaa wa Iroquois. Mama alishinda kazini weahausi, ghala la bidhaa, mimi nikibaki na bibi yangu, tuliyemwita Koko. Watu wa kanisa walitupa televisheni kuukuu ya antena. Kituo kimoja kilikuwa kikiadhimisha miaka tangu kianzishwe, basi Jumamosi moja kikarudisha siku nzima ya vipindi vyake vya mwanzo, vikifuatana kama enzi zile: asubuhi wimbo wa taifa na sala, kisha mapishi, habari za wakulima, mieleka, na jioni mtangazaji kuaga.

Koko hakujua Kiingereza, lakini picha zile alizijua. Kwao Uvira, televisheni ya kwanza mtaani ilikuwa ya namna hiyo, na mwenye nyumba aliiweka mlangoni ili kila mtu aone. Miaka yote Koko aliangalia kwa watu, amekaa mkekani. "Mwenye nayo hafungi mlango," alizoea kusema. Sasa zamu ilikuwa yake. Kabla mpishi wa kwenye televisheni hajatoa keki yake, Koko alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amekaanga mandazi, amepanga viti sita na kuacha mlango wazi.

"Bon, wende uite bajirani," akaniambia. "Milango yote tatu."

Nikatoka. Mlango wa kwanza alikaa msichana wa darasa langu, na sebule yao niliijua: televisheni yao ilijaza ukuta. Ningemwambia nini? Njoo uangalie yetu, yenye chenga? Niliketi ngazini, nikachezea kamba za viatu, nikarudi.

"Donc, banakuja?"

"Banakuja, Koko."

Akangoja. Mandazi yalipopoa akayafunika kwa sahani. Kila hatua iliposikika nje alinyanyuka kidogo, akajitengeneza kitenge. Mimi nilikula manne, na nikuambie ukweli, yalikuwa matamu. Mtangazaji alipoaga, Koko alimpungia mkono, akarudisha viti jikoni kimoja kimoja. "Labda bako na kazi," akasema. Hakuniuliza tena.

Mwaka uliofuata tulihamia Whitehall, kule Columbus, ambako Mama alipata kazi nzuri zaidi. Siku ya kupakia vitu, mama mzee wa mlango wa pili, mjane aliyeishi peke yake, alikuja kutuaga. Akaniomba nimtafsirie bibi yangu. Siku ile ya vipindi vya kale, alisema, alipita mlangoni petu mara mbili, akaona viti, akasikia harufu ya mandazi. Vipindi vile alivitazama utotoni na alitamani sana kuingia, ila alidhani tunangoja wageni.

"Anasema nini?" Koko akauliza.

"Anasema safari njema."

Niliogopa swali ambalo lingefuata, basi. Koko akamshika yule mama mikono yote miwili, akamshukuru kwa safari njema.

Whitehall tulinunua televisheni kubwa. Koko alikuwa akifunga mlango kwanza, halafu anapunguza sauti, asiwasumbue majirani. "Huku kila mtu na yake," alisema, na mimi sikumwambia alichosema yule mjane, mpaka tukamzika huko. Siku hizi vituo haviagi tena jioni, vipindi vinaendelea tu, na sijui ni nani bado anapanga viti.

Mwenye duka aliniona nimesimama muda mrefu. Akavuta kiti kutoka nyuma ya kaunta.

"Ikala, dada, tuangalie."

Nikamwambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote.