Miti Mivivu ya Kihenge cha Bibi

Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa sokoni Sumbawanga mjini, nimeshika fungu la dagaa wa Kirando na bado nabishana bei. "Dada, leo nakibomoa kihenge cha bibi," akasema. "Nataka kujenga jiko pale. Kama unataka kukiona, njoo." Nikarudisha dagaa mezani, nikapanda bodaboda kwenda Pito. Wewe utasema ningeweza kununua kwanza, kihenge hakina miguu ya kukimbilia. Miguu kilikuwa nayo, nitakueleza. Ila mimi siwezi kungoja. Jambo likinigusa miguu yangu hutangulia, akili hufuata nyuma ikihema.

Nilizaliwa hivyo. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetulea pale Pito, na alikuwa akidai kwamba hata nikinyonya nilikuwa napiga mateke. "Mtoto huyu hatulii," aliwaambia wageni kabla hawajakaa vizuri, kama mtu anayewatahadharisha kuhusu mbwa. Akinituma maji narudi na nusu ndoo, nyingine nimeimwaga njiani kwa kuruka mitaro. Akinipa ungo nipepete, ulezi unakwenda kwa kuku.

Na upepo wa kwetu nao hautulii. Kama hujakaa kiangazi kimoja kwenye uwanda huu wa Ufipa, hujaujua upepo. Unaanza jua likipanda, unakuja moja kwa moja juu ya mashamba yaliyovunwa, umebeba makapi na vumbi na harufu ya nyasi zilizochomwa. Unabamiza milango. Ukila ugali wa ulezi, ule mweusi wa moto, mchanga unalia menoni. Mimi upepo ulinipandisha wazimu. Nilikuwa nakimbia nao hadi kanisani na kurudi bila sababu yoyote.

Kihenge chetu cha kuwekea nafaka kilikuwa katikati ya ua, kimesukwa kwa fito na kukandikwa udongo, kina paa la nyasi, na chini kimebebwa na nguzo nne. Mwaka ninaousema panya walikuwa wametuzidi. Basi baba, kabla ya kwenda Kasanga kupakia mizigo bandarini, alikiinua kikiwa kitupu akakiwekea nguzo ndefu, ili panya washindwe kuruka. Panya walishindwa kweli. Tukashangilia, tukakijaza ulezi hadi juu. Hakuna aliyefikiri kwamba tumepandisha uzito wote juu ya miguu mirefu myembamba, tena mahali pa upepo.

Ulezi ule haukuwa wa ugali tu. Ndio uliopikwa pombe ya kulimia. Bibi hakuwa na nguvu ya kulima shamba lake peke yake, na baba hakuwepo. Mtu alikuwa anapika pombe, anaita watu, wanakuja na majembe kumlimia matuta, jioni wanakunywa na kuimba. Ulezi ukimwagika ukaliwa na kuku na kunyeshewa, hakuna pombe. Hakuna pombe, hakuna watu. Shamba lingebaki nyasi, na mwaka unaofuata tungekula nini? Bibi alilijua hilo. Ndiyo maana asubuhi moja alipoona kihenge kimeinama kidogo upande wa magharibi, hakunywa hata chai.

Dawa aliyoijua ilikuwa kuongeza nguzo. Jirani yetu mfugaji, mzee aliyehamia kutoka Usukuma na ng'ombe wake, akatuletea miti minene ya mkaratusi. Bibi akaisimamisha kando ya zile za zamani, akaifunga mwenyewe. Alikuwa mashoto, mafundo yake yalizunguka kinyume na ya watu wengine, na ole wako ukijaribu kuyafungua. Tukatulia. Upepo ulipoamka, nguzo mpya na za zamani zikainama zote pamoja, kama watu kwenye foleni wakisukumwa na aliye nyuma.

Kila nikienda shule niliacha moyo uani. Nikikaa darasani nilisikia upepo kwenye bati, nawaza kwamba sasa hivi kinaanguka, kinamwangukia bibi. Dawati langu lilikuwa bovu, limelegea misumari, nami nikawa nalisukuma kulia na kushoto, kwii, kwii, somo zima. Siku moja mwalimu wa sayansi alikuwa akitufundisha maumbo, kwa vipande vya mabua vilivyochomekwa miiba kwenye kona. Mimi sikuwa nasikiliza. Akavumilia, akavumilia, mwisho akaweka mabua chini. Akaleta nyundo na ubao mwembamba, akanisimamisha, akaupigilia ubao nyuma ya dawati, kutoka kona ya juu ya huku hadi kona ya chini ya kule.

"Sasa cheza," akasema.

Nikasukuma. Dawati halikwenda popote. Darasa likacheka. Mwalimu akainua mabua yake. "Pembe nne ukizisukuma zinakubali. Pembetatu inakataa. Mwenzenu huyu amenisaidia kufundisha." Niliudhika, maana alikuwa ameniharibia mchezo wangu. Halafu nikalitazama lile dawati tena, nikaona kihenge. Kengele ilipolia nilikuwa nimeshafika nusu ya njia.

Nilimkuta bibi na yule jirani wamesimama chini ya kihenge. Kilikuwa kimeinama zaidi, na upande mmoja udongo umeanza kupasuka. Nikaropoka yote kwa pumzi moja: dawati, ubao, kona hadi kona.

"Mti unasimama au unalala," bibi akasema. "Huo wako wa kuegemea ni mti gani? Ni mti mvivu."

Nikaokota bua, nikalikata kwa meno, nikachomeka miiba ya uzio, nikatengeneza pembe nne. Nikampa. Akaigusa kwa kidole, ikalala. Nikaongeza kipande cha mshazari, nikampa tena. Akasukuma kwa kidole, kisha kwa kiganja. Bua lilikunjika kabla kona hazijaachia. Akageuka kukitazama kihenge.

"Mama, mtoto hajakosea," jirani akasema. "Lango la zizi langu nalo lina mti kama huo, ila sikuwahi kujiuliza unafanya nini pale."

Kwanza bibi aliamuru tupunguze uzito wa juu. Tukateka ulezi kwa vikapu, tukaumwaga kwenye mikeka ndani ya nyumba, hadi pa kulala pakajaa. Kisha jirani akaleta maksai wake wawili, akafunga kamba shingoni mwa kihenge na kwenye nira, akaanza kuwasogeza hatua kwa hatua, akiwabembeleza kwa Kisukuma. Kihenge kikalia. Kikainuka kidogo, kikasimama. "Basi! Hapo hapo!" bibi akapiga kelele, na kabla hatujajua afanyalo akawa ameinama, ameingia chini yake na mti begani.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku ya kujifungua. Kamba moja, ng'ombe wawili, nzi mmoja wa kumchoma ng'ombe sikioni, na bibi yangu chini ya ulezi wote uliobaki ndani. Nilitaka kukimbia, kupiga kelele, kufanya chochote. Nikabaki nimeshika miti, nikimpa mmoja baada ya mwingine, naye akiichimbia chini na kuifunga kona hadi kona, pande zote, kwa mkono wake wa kushoto. Alipotoka alikuwa mweupe wa vumbi. Jirani akalegeza kamba. Upepo ukaja. Kihenge kikasimama.

Pombe ikapikwa. Watu wakaja, matuta yakalimwa, wakaimba hadi jirani naye akaimba nyimbo asizozijua maneno. Baba aliporudi na migebuka, samaki wakavu wa ziwani, alikizunguka kihenge mara kadhaa, akauliza ni nani aliyeweka miti ile ya ajabu.

"Upepo," bibi akajibu, akaendelea kuchambua mboga.

Iliniuma, sitakuficha. Nilingoja aseme jina langu siku ile, na msimu ule, na miaka iliyofuata. Akiwa na wageni aliionyesha: "Ile miti mivivu, ya huyu mtoto asiyetulia." Wakacheka. Nikakua, nikaondoka, bibi akazeeka, akafariki mimi nikiwa tayari nafanya kazi mjini. Hakuwahi kuniambia kwamba nilipatia.

Nilipofika Pito mdogo wangu alikuwa ameshashusha paa na kuvunja kuta. Siku hizi mahindi na ulezi vinakaa ndani kwenye mifuko, shamba linalimwa na trekta la kukodi, na vijana ukiwaambia habari ya pombe ya kulimia wanadhani unawatania. Mfugaji alishahama na ng'ombe wake. Zilikuwa zimebaki nguzo na ile miti ya mshazari. Mdogo wangu akashika nguzo ya kwanza kuing'oa, ikamjia mkononi kama bua. Chini ilikuwa imeliwa yote na mchwa. Ya pili vilevile. Zote.

"Sasa kilikuwa kimesimama juu ya nini?" akauliza.

Nikasogea. Miti ya mshazari ilikuwa mizima, imechimbiwa vizuri. Lakini haikuwa ile ya siku ile, hata mmoja. Ilikuwa ya umri tofauti tofauti, na mmoja bado ulikuwa na gome, umefungwa kwa kamba ya bluu ya plastiki, aina ambayo utotoni kwetu haikuwepo. Kila mti ulipochoka, mtu alikuwa ameubadilisha. Nikayagusa yale mafundo moja moja. Yote yalizunguka kinyume.

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi, nimeegemea ule wenye kamba ya bluu. Jua likapanda, upepo ukaanza kuvuma kutoka mashambani, nami sikuinuka. Mdogo wangu akaendelea na kazi yake, akawa ananitupia jicho. Mwisho akaweka shoka chini, akaja kunishika paji la uso, akaniuliza kama naumwa.