Mkono Kwenye Tundu la Mlango

Jua bado limejificha nyuma ya milima ya Burundi, na ziwa limejifunika ukungu kama mtu asiyetaka kuamshwa. Kwenye ua wa kasho moja mjini Uvira, Claudette Niyonsaba anasonga ugali. Moshi wa makaa unapanda polepole, unachanganyika na ukungu, na kwa kitambo huwezi kujua ziwa linaanzia wapi.

Kasho hii, mahabusu ya vyumba viwili, haina jiko. Mfungwa hula anacholetewa na ndugu zake, na vita vimewatawanya ndugu. Parokia humlipa Claudette kidogo awapikie wasio na mtu. Kina mama wa msikitini huleta unga na ndagala, dagaa wa ziwa hili, kila Ijumaa.

Sahani hupita kwenye tundu la mlango wa chuma. Mikono hutoka, hupokea, hurudi gizani. Nyuso hazionekani, naye hajawahi kuinama azitafute.

"Mutu akiwa mu shida, haumuangalie sana," anasema. "Unamupa chakula, unaenda."

Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Siku moja askari aliita uani jina la atakayefikishwa mahakamani: Sylvestre Ngendakumana. Upawa ukamtoka Claudette mkononi. Huyo alikuwa jirani yake wa kijijini Nyakabere, aliyewaongoza watu wenye silaha usiku mmoja hadi mlangoni kwake. Walimchukua mumewe, Habonimana, wakaelekea naye Luberizi. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani.

Kumbe kwa wiki nyingi alikuwa akimlisha yeye.

"Miye niliona mukono tu. Mukono haiko na jina," anasema.

Balaa lilikuwa zaidi ya hapo. Kijijini kwao, ng'ombe wa mtu wakila mpunga wa mwenzake, wagombanao hukalishwa wale pamoja kwenye sufuria moja. Wakishakula, kesi imekufa, na anayeifufua hutengwa. Haukupita muda, mke wa Sylvestre, Generose, ambaye vita vilimtupa mbali asiweze kumletea mumewe chakula, akaja kumkumbusha.

"Bwana yangu alikula chakula yako, dada. Kesi iko wapi tena?"

Claudette akaanza kumwota mumewe amesimama katikati ya shamba la mpunga lililojaa maji, suruali ameikunja hadi magotini, anamtazama. Kila alipomkaribia, maji yaliongezeka.

Akaenda kwa padri. Padri alimwambia asamehe, kama alivyosamehe Bwana msalabani. Akaenda na kwa jirani yake, Mama Zaituni, Mwislamu aliyezoea kuchambua naye ndagala.

"Kusamehe iko haki yako, Claudette," Mama Zaituni alimjibu. "Lakini ushahidi haiko yako, iko ya Mungu. Ukiuficha, moyo wako ndio utabeba zambi."

Akalala na maneno yote mawili. Asubuhi, anasema, yalikuwa yamepatana: kwanza atasema kweli, kisha atasamehe.

Mahakamani alieleza yote aliyoyaona usiku ule. Generose akasimama akalalamika kwamba chakula kimekwisha kuliwa, na kesi imekufa. Hakimu akamgeukia Claudette.

"Kula bila kuonana uso haiko kula pamoja," alijibu. "Ule wa mu kasho nilimulisha sababu alikuwa na njaa. Kesi haijaguswa."

Hakimu akamuuliza anataka nini.

"Aseme Habonimana alilala wapi."

Sylvestre akasema, kwa sauti ndogo: Luberizi, kando ya mfereji wa mpunga, mahali unapopinda. Alihukumiwa miaka mingi. Claudette alilia, na hana haya kusema kwamba machozi mengine yalikuwa ya nafuu.

Sasa ukungu unaanza kuondoka ziwani. Sylvestre bado yuko hapa, akisubiri kuhamishwa. Mkono wake unatoka kwenye tundu, na Claudette anaweka sahani juu yake, ugali wa kumtosha kama wa wengine.

Barabara ya Luberizi bado ina bunduki. Siku itakapotulia, atakwenda na sufuria yake hii hii, iliyovunjika mshikio. Atapika wali pale mfereji unapopinda, na amekwisha kumwomba Generose aje na watoto.

"Tutakaa chini, tuangaliane mu macho, tukule," anasema, akikwangua ukoko. "Pale ndiyo kesi itakufa."