Mayai ya Chatu Jikoni kwa Mama Mkwe

Mradi wa chatu ulinigharimu mbuzi wawili niliowakopa kwa mama mkwe wangu na kahawa yangu ya mwaka mzima, ingawa bei ya kahawa ilikuwa imeanguka hivi kwamba hiyo naihesabu nusu. Mfanyabiashara mmoja wa Moshi mjini alikuwa akinunua watoto wa chatu awapeleke Ulaya, ambako watu huwafuga sebuleni. Chatu jike niliyemnunua alipotaga, niliyafukia mayai kwenye ndoo ya maranda yenye unyevu, nikaiweka jikoni kwa mama mkwe kule Kilema, kwa sababu moto wake hauzimiki.

Niliporudi kuyatazama, yote yalikuwa yamenywea na yananuka. Niliyahesabu mara mbili, kana kwamba kuhesabu kungefufua hata moja.

“Shikamoo, mama. Kuna mtu aliyeyagusa?”

“Marahaba, mkwe wangu. Nimeyageuza mwenyewe kila asubuhi, kama ya kuku. Ninyi wanaume mngesahau.”

Yai la nyoka likigeuzwa, mtoto hufia ndani. Lakini mama mkwe hakaripiwi.

Akachungulia ndoo, akasikitika kwa dhati. “Pole, baba. Chatu wako hajui kutaga. Sasa mbuzi wangu utawarudisha lini?”