Siku Niliyomfungua Koko Mdomo

Kwetu, mzee asiye na nguvu ya kujishikilia tunamfunga kwenye pikipiki kwa kikwembe. Dereva anakaa mbele, mzee katikati, mtu wa nyumbani nyuma, halafu kitambaa kinatuzunguka wote watatu na fundo linakazwa kwenye tumbo la dereva. Ni njia nzuri. Barabara ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo ina mashimo ambayo ukiingia hujui utatokea upande gani. Ubaya wake ni mmoja tu: maiti pia tunawasafirisha hivyo hivyo.

Asubuhi ile tulipoondoka sikuwaza maiti. Nilikuwa na miaka ishirini, nimevaa shati la kuazima, na kwa mara ya kwanza kundi la ngoma la kwetu lilikuwa limenipa manyanga, vile vibuyu vya mbegu vinavyotikiswa. Kila mwaka, katikati ya kiangazi, makundi ya vijiji vya Kasongo, ya Kabambare na hata ya Nyangwe kule mtoni, hukutana Kasongo kwenye uwanja wa mpira kwa siku tatu. Jambo hili lilianza mama yangu akiwa bado msichana. Mwaka mikro ikiwaka wanaimba na mikro, mwaka isipowaka wanaimba na koo zao. Mimi nilishasoma mpaka darasa la sita, halafu nikabaki na shamba, lakini kichwani mwangu nilikuwa nimesimama kwenye uwanja ule mara elfu. Nilishawaona watu wa Kasongo wakiulizana yule kijana wa manyanga ametoka wapi.

Wimbo wetu ni wa Kibangubangu, na hauanzi na ngoma. Unaanza na sauti ya mtu mmoja, mstari mrefu usio na pumzi katikati, ndipo ngoma zinaingia. Mtu huyo tunamwita mfunguzi. Mfunguzi wetu ni koko wangu, mama wa mama yangu. Na mfunguzi ana sheria yake: akishavuka mlango wa nyumba yake kwenda kuimba, hasemi neno lolote mpaka afungue wimbo. Hasalimii, hajibu, haombi maji. Akisema, sauti imefunguliwa njiani, na kundi haliimbi. Zamani alikuwa anakwenda kwa miguu siku nne, na siku zote nne amefunga mdomo. Watu wa makundi mengine wanatucheka. Sisi wenyewe hatujawahi kulicheka jambo hilo.

Mwaka huo mama alikataa. Wakati wa mvua koko aliumwa kifua, akapona nusu, na mama alisema wimbo utafute mtu mwingine. Ni mimi niliyemzunguka mama juma zima. Nilimwambia koko anakula vizuri, anachota maji mwenyewe, akibaki nyumbani ndipo atakufa kwa huzuni. Ukweli ni kwamba bila mfunguzi hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna manyanga.

Na iko jambo lingine ambalo sikumwambia. Siku mbili mbele ya safari nilimkuta koko nyuma ya jiko, ameketi juani, amejifunika vikwembe viwili na bado anatetemeka. Akasema ni baridi ya asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda, kuku wanatafuta kivuli.

"Bwana yangu," akaniambia, maana makoko wetu huwaita hivyo wajukuu wa kiume, "ukimwambia mama yako, mwaka huu hayo manyanga utapigia mbuzi."

Nikacheka. Nikanyamaza.

Asubuhi ya kuondoka, mama ndiye aliyekaza fundo la kikwembe. Alilivuta mara tatu, akanitazama mimi, si dereva.

"Unamtoa akitembea," akasema. "Utamrudisha akitembea."

Wenzetu wa kundi walikuwa wametangulia kwa baiskeli na ngoma zao. Tulibaki sisi watatu, na kati yetu mmoja hasemi. Nilikuwa nimepatana na koko juu ya alama. Nikimgusa bega, atanipiga kidole kwenye mkono: pigo moja maana yake niko salama, mawili maana yake simama. Saa za kwanza nilimgusa kila tukivuka shimo. Pigo moja. Pigo moja. Baadaye akachoka na mimi, akanifinya ngozi ya mkono mpaka nikapiga kelele, na dereva akacheka, akaniambia mdogo wangu, mwache mama wa watu apumzike. Dereva huyo alikuwa mtu wa maneno mengi. Alitusimulia habari za mashine yake, mke wake, na mbuzi wa jirani. Mimi pia nikasimulia ndoto zangu. Kati yetu koko alikuwa kimya kama mzigo.

Mbele ya daraja la magogo kulikuwa na bariere, kamba iliyofungwa katikati ya barabara. Pale kila mtu husimamishwa na kuulizwa maswali. Lakini sisi, vijana wale walipotuona kwa mbali, mmoja akaishusha kamba mpaka chini na mwingine akavua kofia, akaishika kifuani. Tukapita polepole katikati yao na hakuna aliyetuuliza kitu. Tulipofika ng'ambo dereva akafurahi sana. Akasema leo tuna bahati, hata mkubwa wa serikali hapitishwi namna hii.

Mimi sikuelewa mara moja. Nilielewa mbele kidogo, tulipompita mama mmoja aliyebeba mihogo. Alitua mzigo wake chini, akasimama pembeni ya njia, akaniambia kwa sauti ya upole sana, "Poleni na msiba, baba."

Nilitazama kisogo cha koko. Kichwa kilikuwa kimeegemea mgongo wa dereva, kinatikisika na kila jiwe, kinakwenda huku na huku bila mwenyewe kukishika. Kikwembe kilikuwa kimekaza shingo ya blauzi yake. Nikamgusa bega. Nikangoja. Nikamgusa tena. Hakukuja pigo moja, wala mawili.

Nikamwambia dereva asimame. Akaniambia amelala, wazee wanalala kwenye piki kama watoto wachanga. Akaniambia tukisimama pale porini jua litatumaliza, Kasongo si mbali tena, nitamuona vizuri kulekule. Nilitaka sana kumwamini. Nikasogeza mkono chini ya kikwembe mpaka mbavuni mwa koko, nikatafuta pumzi. Lakini pikipiki inatetemeka, inatutikisa wote wawili. Sikuweza kujua kinachotikisika ni nani kati yetu. Nilianza kumwona mama amesimama mlangoni. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia, na kila neno nililolipanga lilikuwa la uongo.

"Simama," nikasema. "Kaka, nakuomba, simama, ama naruka."

Nadhani ni sauti yangu iliyomtisha. Akasimama chini ya michikichi, akafungua fundo, na koko akaja juu yangu mzima mzima. Tukamlaza kwenye majani. Alikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Alikuwa anapumua. Nilipoona kifua kinapanda nikaanza kulia, sikuona haya.

Kisha akafungua macho, akanitazama. Na hapo ndipo woga wangu wa kweli ulipoanza, kwa sababu hakufanya kitu kingine. Alinitazama tu. Nimewaona watu wenye homa ya kichwa wanavyotazama, macho yamefunguka lakini mwenyewe hayumo. Nikamuuliza unasikia? Kimya. Nikamuuliza unaumwa wapi? Kimya. Nikamwambia nipige kidole, na vidole vyake vikabaki kwenye majani. Alikuwa anashika sheria yake, ama alikuwa hanijui tena? Namna gani mtu angejua?

Dereva akaniita pembeni. Hakuwa na kicheko sasa. Aliniambia hili si jambo la kwake, lakini nifikiri vizuri. Nikimlazimisha kusema, wimbo umekufa, na watu wote wale waliosukuma baiskeli siku tatu nitawaambia nini? Akaongeza kwamba labda mama huyu akikosa kuimba mwaka huu hataimba tena. Yote aliyosema nilikuwa nimeshayajua. Niliyajua kuliko yeye, maana manyanga yalikuwa kwenye mfuko wangu.

Nikarudi, nikapiga magoti.

"Koko," nikasema, "mimi ni nani?"

Midomo yake ikajikaza. Au niliona hivyo.

"Koko, nijibu. Kama hunijibu nitajua umekwenda, na mimi siwezi kukurudisha kwa mama hivi. Mimi ni nani?"

Chozi moja likamtoka, likaenda sikioni. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ndogo, si sauti ya mfunguzi.

"Wewe ni yule mtoto mwoga wa binti yangu," akasema. "Umeuua wimbo. Haya, nipe maji."

Sijawahi kusikia maneno matamu namna hii, na sijawahi kuogopa maneno namna hii. Alikunywa kibuyu chote. Hakunitazama tena.

Kwenye kituo cha afya, mwanzoni mwa Kasongo, walimtoboa kidole, wakamuwekea serumu, maji ya dawa ya mshipani, mara moja. Muganga alikuwa kijana, labda ananizidi miaka michache. Aliniuliza homa imeanza lini. Nikasema leo njiani. Halafu nikasema siku mbili. Halafu nikasema tatu, nikihesabu na ya leo, na yeye akaacha kuandika, akaniangalia. Alisema malaria ilikuwa imepanda na kifua pia si kizuri, na kwamba kama tungempeleka kwanza uwanjani, chini ya jua lile, yeye hangekuwa na kazi ya kufanya.

Kiongozi wa kundi letu, mama mmoja mnene anayepiga ngoma kubwa, alikuja mbio na miguu yenye vumbi. Hakuniuliza habari za homa. Alimtazama koko, akanitazama mimi, akauliza kama amesema. Nikamwambia amesema, na ni mimi niliyemsemesha. Kisha akaniambia hawataimba, watacheza ngoma bila maneno, na mimi nibaki hapa na mgonjwa wangu. Manyanga akayachukua. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo festivali yangu ya kwanza niliisikia kupitia ukuta. Nilijua kila kundi kwa ngoma zake, watu wa Nyangwe na zile nyimbo zao za makasia, watu wa Kasongo wenyewe na filimbi. Ilipofika zamu yetu nilijua pia. Ngoma kubwa ilianza moja kwa moja, bila sauti mbele yake, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Wale walio uwanjani walipiga makofi, hawakujua kilichokosekana. Koko alikuwa amegeukia ukuta. Nilisikiliza pumzi yake mpaka ngoma zikaisha. Sikuthubutu kumgusa bega.

Alilala pale siku mbili. Siku ya pili wanawake wa kundi walikuja kumuaga na aliwafanya wote waape. Aliwaambia mtu atakayemwambia binti yake habari ya serumu asije kumlilia kwenye matanga yake. Wakaapa. Kwetu matanga si mchezo.

Kurudi, kikwembe nilikifunga mimi mwenyewe, na njia nzima aliongea. Alimsema dereva, aliisema barabara, alimsema muganga kwamba mikono yake ni baridi kama ya chura. Mimi tu hakunisemesha. Mbele ya kijiji akaamuru tumfungue, ashuke. Akatembea mpaka nyumbani kwa miguu yake, amenyoosha mgongo, na mama akatoka mlangoni akampokea mikono miwili.

Mama akamuuliza kulikuwaje.

"Nilifungua vizuri," koko akasema. "Walipiga makofi sana."

Mama akageuka kwangu. "Ni kweli?"

Koko alikuwa nyuma ya bega lake. Kwa mara ya kwanza tangu michikichi ile alinitazama usoni, na hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona koko akiogopa, si mvua, si vita, si homa. Aliogopa neno langu.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Aliimba vizuri."

Yamepita miezi kumi na moja. Majani yameanza kukauka tena, na vumbi limerudi barabarani. Koko amepungua. Asubuhi namsikia anakohoa ndani ya kikwembe ili sauti isitoke nje. Jana aliniita, akaniita bwana yangu kama zamani, akaniambia nimtafute dereva yuleyule. Akasema safari hii nisimuulize kitu chochote njiani. Mama amekwisha kumfulia kikwembe cha safari. Anaimba akifua, maana mwaka jana, anasema, aliona mwenyewe kwamba safari ilimpa koko nguvu.

Nimejaribu kumwambia mama ukweli mara tatu kwa mdomo. Mara ya kwanza alikuwa anapeta mchele na nikaanza kumsaidia kupeta. Mara ya pili koko alikohoa chumbani, nikajua anasikiliza. Mara ya tatu sikumbuki hata nilisema nini, lakini mama alicheka, akanipa chakula. Kwa hiyo nimeandika. Mama hasomi, ila shemeji yangu anasoma, naye anakuja Jumapili, atamsomea, na piki inakuja Jumatano.

Mama, hakuimba. Alikuwa kwenye serumu siku mbili, na homa niliijua mbele ya kuondoka. Fundo ni wewe utakayelifunga. Ulifunge ukijua.