Wananchi Waliotoa Mashamba kwa Hiari

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, tulimzika mzee mmoja wa Nyamugari, hapa Gitega, Burundi, ambaye jina lake wasomaji wa safu hii hawakuwahi kuliona limechapishwa popote. Alikuwa msahihishaji wa gazeti letu la zamani la Kiswahili. Kila ukurasa ulipita mikononi mwake kabla ya kwenda kwa mchapaji. Asubuhi ya mazishi redio ikasema wananchi wa Gitega wanamwomboleza. Niliizima kwa hasira. Makaburini hatukuzidi ishirini.

Neno hilo, wananchi, lilimkosesha raha maisha yake yote ya kazi. Sisi waandishi tulilitia kila mahali kama chumvi. Wananchi walishangilia: maana yake watu walisimamishwa juani tangu asubuhi. Wananchi waombwa kuwa na subira: mabomba yamekauka na hakuna anayejua maji yatarudi lini. Mwananchi mmoja ambaye hakutaka kutajwa jina: mara nyingi dereva wetu, na siku nyingine mwandishi mwenyewe. Wabaya kuliko wote walikuwa wananchi wenye hasira, waliompiga mtu hadi kufa, na kwa kuwa walikuwa wananchi tu, hakukamatwa hata mmoja. Mzee alilizungushia neno hilo kalamu nyekundu kila alipolikuta, kisha akatembea na karatasi yake hadi mezani kwa mwandishi kuuliza ni akina nani hao. Tulimcheka. Tulimwita mpelelezi.

Siku moja ilitufikia taarifa ya serikali kuhusu barabara mpya huko Muyinga. Niliambiwa niigeuze iwe habari, nami sikuinuka hata kwenye kiti. Nikaandika kwamba wananchi wametoa mashamba yao kwa hiari. Mzee akaja na ukurasa.

“Mdogo wangu, hawa wananchi, we uliwaona?”

Nikamwambia taarifa kutoka ofisini ndivyo inavyosema.

“Ofisi haina shamba. Shamba iko na mwenyewe. Alors, basi, uliza huyo mwenyewe.”

Nilimjibu kwamba mchapaji anasubiri, nikamnyang'anya ukurasa. Habari ikatoka vilevile.

Wiki chache baadaye mama mmoja mkulima alishuka kwenye basi la kutoka Muyinga, gazeti letu amelikunja ndani ya kitenge. Alikulia Tanzania ukimbizini, akarudi kwenye ardhi ya baba yake, akalima maharage. Barabara ikapita katikati ya shamba. Alipokwenda kulalamika, afisa mmoja alimfungulia gazeti na kumsomea sentensi yangu. Ikiwa alitoa kwa hiari, analalamikia nini? Mzee alimkaribisha kiti, akampa chai, kisha akamleta mezani kwangu. Mama hakupandisha sauti.

“Kaka, mimi hakuna aliyeniuliza. Wewe ulimuuliza nani?”

Mzee aligoma kugusa ukurasa wowote mpaka tuchapishe masahihisho, akatishiwa kufukuzwa, akaendelea kukaa mikono kifuani. Hatimaye tulichapisha mistari miwili, chini kabisa, baada ya matokeo ya mpira. Afisa yule hakuisoma, au alijifanya hakuisoma. Shamba halikurudi.

Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Lakini waandishi wa leo wana simu mfukoni, barabara ya Muyinga wanaijua, na bado kila asubuhi nasoma wananchi wafurahia, wananchi wapongeza, wananchi wakubali kuhama. Wamewauliza lini? Tunalipenda neno hili kwa sababu halina mlango wa kubisha hodi wala mdomo wa kutukanusha. Anayeandika wananchi bila kumjua hata mmoja wao anamsaidia mwenye nguvu kuweka sahihi kwa niaba ya asiye na nguvu. Ndivyo nilivyofanya, na hakuna aliyejaribu kunizuia zaidi ya yule mzee.

Mama yule alikuja matangani. Nywele zimekuwa nyeupe, na anakodi kipande cha ardhi kwa jirani. Nilimwomba ruhusa nimtaje jina katika safu hii. Alikataa, kwa sababu bado anaishi karibu na waliomnyang'anya.

“Andika tu kwamba sikutoa,” akasema.

Hakutoa. Sentensi iliyosema alitoa niliiandika mimi, hapa Gitega, nikiwa nimekaa.